Van der Sar: kipa aliyehukumiwa kwa msimu mmoja

Edwin van der Sar alipotangaza kuachia ngazi kama mtendaji mkuu wa Ajax, klabu ya Uholanzi, mwishoni mwa Mei 2023, vijiweni hukumu ilikuwa imeshatoka: mwanasoka abaki uwanjani, ofisi waachiwe wenye ofisi. Klabu ilikuwa imemaliza ya tatu na kukosa Ligi ya Mabingwa. Mwenyewe alikiri kuwa karibu miaka 11 ya uongozi ilikuwa imemmaliza.

Kinachosahaulika ni kwamba hakuvua glovu leo na kukalia kiti kesho. Alistaafu 2011, akasomea uongozi wa michezo, na mwaka 2012 Ajax ikampa idara ya masoko. Utendaji mkuu ulikuja Novemba 2016, baada ya miaka minne ya kuhangaika na wadhamini, kazi isiyopigiwa makofi na mtu. Chini yake yalikuja mataji ya ligi ya 2019, 2021 na 2022, pamoja na ule ushindi wa 4-1 dhidi ya Real Madrid, tena kwao Bernabéu.

Kuna jambo jingine ambalo mimi hulipa uzito kuliko mataji. Juni 2018 ni yeye aliyejitokeza hadharani kukiri kwamba huduma aliyopewa Abdelhak Nouri, mchezaji kijana wa Ajax, alipoanguka uwanjani haikutosha, na kwamba Ajax inawajibika. Familia ilikuwa imesubiri karibu mwaka mzima, na hilo ni doa. Lakini mabosi wangapi wangemwachia mwanasheria aendelee kuongea?

Sasa tuje kwenye euro milioni 95. Ndizo Manchester United walizolipa kwa Antony mwishoni mwa Agosti 2022, winga ambaye Ajax walimnunua São Paulo kwa takriban milioni 16. Kwa hesabu ya biashara ni bao la mbali. Ila tazama tarehe: dirisha lilikuwa linafungwa, kocha wa Ajax hakutaka auzwe, na beki Lisandro Martínez alikuwa ameshatangulia Manchester, kwa kocha wao wa zamani Erik ten Hag. Hela hazipigi krosi. Hapo wakosoaji wana hoja, maana benki ilinona na kikosi kikakonda. Hata hivyo, ofa kama hiyo kwa klabu ya Uholanzi ambayo hisa zake zinauzwa sokoni ingekataliwa na mtendaji gani, awe alidaka mipira au alisomea uhasibu? Kosa lilikuwa kutokuwa na mbadala tayari, na mbadala ilikuwa kazi ya mkurugenzi wa soka.

Kiti hicho ndicho kidonda chenyewe. Marc Overmars aliongezewa mkataba mwishoni mwa 2021, na Februari 2022 akaondoka kwa sababu ya ujumbe usiofaa aliowatumia wafanyakazi wenzake wa kike. Waliwahi kucheza pamoja, wakaongoza pamoja. Anayesema urafiki wa chumba cha kubadilishia nguo ulimziba macho Van der Sar simbishii sana; bosi alipaswa kujua. Pengo la Overmars halikuzibwa vizuri, na dirisha la Antony liliangukia humo.

Lakini dawa ya "wataalamu" ilileta nini? Sven Mislintat, Mjerumani aliyejijengea jina kwa kusaka vipaji, alipewa kiti hicho cha mkurugenzi wa soka, akatumia zaidi ya euro milioni 100 katika dirisha moja na kutimuliwa Septemba 2023. Kweli, aliletwa siku za mwisho za Van der Sar, na mtendaji wa muda aliyefuata, Jan van Halst, naye aliwahi kusakata soka. Wapinzani wangu wachukue hizo pointi mbili. Kisha wanieleze kuhusu mtendaji mkuu Alex Kroes, mtu wa biashara, aliyesimamishwa Aprili 2024, wiki chache tu baada ya kuanza kazi, kwa kununua hisa za klabu takriban wiki moja kabla uteuzi wake haujatangazwa. Huyo hakutokea golini.