Bibi Atanizika Mimi

Watu wakijua naishi na bibi yangu hunipa pole. "Kulea mzee ni kazi." Mzee gani? Mzee wa nyumba ile ni mimi.

Kitambulisho chake kinasema kazaliwa 1931, mwaka uleule lilipofunguliwa daraja la kwanza la Nyali hapa Mombasa, lile la kuelea. Daraja lilichoka, 1980 likapisha hili la zege. Bibi hajaona sababu ya kumpisha mtu.

Alfajiri, mwadhini bado anakohoa, yeye kashaketi kwenye mbuzi anakuna nazi ya mahamri. Na mbuzi mwaijua: uko chini kabisa, magoti yamekaribia masikio. Bibi akimaliza huinuka na bakuli lake mkononi, hashiki ukuta, hata "Ya Rabbi" hasemi. Siku nilipojitia kumsaidia, kuketi niliketi. Kuinuka ndiko kulikoitiwa watu. Tena yule hamali wa maji aliyeninyanyua akataka alipwe kama kapandisha mitungi miwili.

Ngazi ndizo usiseme. Hizi nyumba zetu za Mji wa Kale, fundi aliyejenga ngazi alikuwa na ugomvi na mtu. Bibi huzishuka akivuta uradi. Mimi huzishuka kinyumenyume, na nyuradi zangu ni za aina nyingine.

Juzi tulikuwa tunavuka Likoni. Ndani ya feri kijana mmoja mwenye adabu zake akainuka. "Shikamoo bibi. Karibu uketi."

"Marahaba mwanangu. Mkalishe huyu, magoti yamsumbua."

Feri nzima ikanigeukia. Mama mmoja aliyebeba kapu la maembe akasogeza kapu ili nipite vizuri. Niliketi. Mlitaka nifanyeje, yalikuwa yauma kweli.

Kuna zile pesa za wazee zitolewazo na serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70. Nikamwambia, Bibi, jamani, nitafute njia nikupangie foleni. Kakataa katakata. "Utaiweza foleni ile wewe? Pale pana vijana wa miaka sabini na tano, wakikuona umelegea wanakuruka." Akajifunga buibui, huyo kaondoka, na tuktuk hataki. Tuktuk asema ni za wagonjwa.

Nikaona labda hajui kwamba mambo haya si ya kawaida. Nikamsimulia habari za Kimani Maruge, yule wa Eldoret aliyeingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84. Nilingojea ashangae. Akasema, "Umri huo ndio wa kusoma, akili imetulia." Nikamwongezea Fauja Singh, aliyemaliza marathoni ya Toronto 2011 na miaka yake 100. Hapo akaacha kupepeta mchele.

"Miaka mia akimbia? Alikuwa na deni?"

Na sasa kaja na jipya. Anataka kupanda mnazi kwenye kile kiwanja chetu cha Mtongwe. Tukaenda kwa muuza miche, muungwana mwenyewe, akamwonyesha minazi mifupi, ile izaayo upesi. Alifanya hesabu yake kimyakimya, nilimwona. Bibi hata hakuinama kuitazama. "Hiyo dafu lake ni maji tu. Nipe mrefu."

Mrefu hukaa miaka sita, saba, ndipo uanze kuzaa. Muuza miche akanitazama mimi, mimi nikatazama barabara. Bibi akatoa kitambaa chake, akafungua fundo, akaomba apunguziwe, akapunguziwa. Mche nikabebeshwa mimi.

Njiani nikamuuliza kwa heshima zote: "Sasa Bibi, mnazi huu ukishazaa, mkwezi atakuwa nani?"

Akanitazama kuanzia kichwani, taratibu, akashuka mpaka magotini, akasimama hapo.

"Wewe usijitaabishe, mwanangu. Tutatafuta mtu mwenye afya."