Wapeni Wanachuo Wanafunzi wa Kweli

Siku ile nilikaa nyuma ya darasa, dawati moja na msichana aliyekuwa akinakili kila kilichoandikwa ubaoni. Mbele alisimama mwanachuo wa ualimu, wa mwaka wa pili, andalio lake la somo limepangwa vizuri kuliko mengi niliyowahi kuyakagua. Alikuwa akifundisha tofauti ya sentensi mbili: "She lived here for five years" na "She has lived here for five years." Alieleza kwa dakika ishirini. Akataja wakati uliopita, wakati timilifu na kitenzi kisaidizi, akachora jedwali, akapiga mstari kwa chaki nyekundu. Mwisho akauliza kama wameelewa. Darasa zima likaitikia ndiyo, naye akafuta ubao.

Nikamnong'oneza jirani yangu: huyu wa sentensi ya kwanza, bado anaishi hapa? Akasema hapana, ameshahama. Na wa sentensi ya pili? Akatazama daftari, akatazama tena. "Naye ameshahama." Alikuwa amenakili mpaka ule mstari mwekundu, lakini kile ambacho somo zima liliandaliwa kwa ajili yake, kwamba huyu wa pili bado anaishi hapa, hakikumfikia.

Simlaumu mwanachuo yule. Alifanya alivyoandaliwa. Tulikuwa tumempa mihula mitatu ya sarufi, fonetiki na nadharia za kujifunza lugha, na katika muda wote huo hatukumkalisha hata mara moja karibu na mtu asiyejua Kiingereza ili amsikilize. Ndiyo sababu nasema, na nitaendelea kusema popote nitakapopewa nafasi: mwanachuo anayeandaliwa kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili akutane na wanafunzi wa kweli tangu wiki za kwanza, si mwishoni, baada ya kumaliza kila kitu kingine.

Tatizo lina mizizi mirefu. Mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza mwaka 1975 kwamba anayeingia kwenye ualimu tayari ameshakaa miaka mingi akiwatazama walimu kazini. Anakuja na picha kamili ya mwalimu kichwani, ila ni picha iliyopigwa kutoka kwenye dawati. Ameona mwalimu akiongea, hajaona alichokuwa akikifikiria. Mwanachuo wangu alifundishwa Kiingereza kwa kuelezwa, basi naye anaeleza. Mihadhara yetu juu ya mbinu shirikishi haiwezi kuifuta picha hiyo, hasa ikiwa mihadhara yenyewe ni mtu mmoja kuongea na mia kuandika.

Njia ya kutoka hapo imekuwepo kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dwight Allen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford walianza kuwafundishia walimu kwa vipindi vidogo: dakika chache, wanafunzi wachache, stadi moja tu ya kufanyia mazoezi. Kipindi kinarekodiwa, kinajadiliwa, kisha mwanachuo anakifundisha tena kwa kundi jingine. Vyuo vingi vimelichukua zoezi hilo, lakini wanaokaa kwenye viti mara nyingi ni wanachuo wenzake. Hapo ndipo linapopoteza nguvu. Mwenzako anajua jibu hata kabla hujauliza. Anajifanya kukosea mahali ambapo mnafikiri mwanafunzi atakosea, wakati mwanafunzi wa kweli anakosea mahali ambapo hamkupafikiria. Cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, CELTA, kina saa zisizopungua 120 za mafunzo, na kinamtaka mwanagenzi afundishe saa sita mbele ya mtathmini. Saa sita ni chache sana. Lakini ni saa sita na watu waliokuja kujifunza Kiingereza, na kwangu hizo zinazidi miezi ya kuigiza.

Mkinipa wiki moja tu na mwanachuo, nitaitumia kumfundisha mambo mawili. La kwanza ni kuuliza swali linaloonyesha kama maana imefika. "Mmeelewa?" haionyeshi chochote, mwanafunzi anaitikia kwa adabu, au kwa sababu jirani yake ameitikia. "Bado anaishi hapa?" inaonyesha, maana jibu ni ndiyo au hapana, na asiyeelewa anajulikana papo hapo. Maswali ya namna hii ni magumu kuyatunga kuliko yanavyoonekana. Hayatakiwi kutumia maneno yaleyale unayoyafundisha, tena yawe mepesi kuliko somo lenyewe. Mwanachuo ayaandike kwenye andalio, neno kwa neno, kabla hajaingia darasani.

La pili ni kunyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima katika masomo ya sayansi muda ambao mwalimu anasubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza kujibu. Na wale walikuwa wakijibu sayansi. Anayejibu kwa lugha ya pili ana kazi ya ziada: alielewe swali, atafute jibu, atafute maneno, ayapange. Kumkatiza baada ya sekunde moja ni kumfunga mdomo. Nimeshuhudia wanachuo wenye vipaji wakijaza kila nafasi kwa sauti zao kwa sababu kimya kinawatisha. Wanadhani kinaonyesha wameshindwa. Hofu hiyo haitulizwi kwa maelezo. Inatulia mwanachuo anapohesabu tatu kimoyomoyo, kisha mkono wa mtu ambaye hajawahi kuongea unapanda.

Kuna hofu nyingine, na hii inaniuma. Wanachuo wengi wanaona haya kwa kuwa Kiingereza nao walijifunza. Wanaficha lafudhi yao, wanajiona ni walimu wa nusu. Mhangaria Péter Medgyes, mtaalamu wa ufundishaji wa Kiingereza, alitetea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba mwalimu wa aina hiyo ana mtaji wake: njia ameipita, anajua panapoteleza. Niongeze kwamba mtaji huo haufanyi kazi wenyewe. Chuo kimkalishe mwanachuo, kimuulize alijikwaa wapi na alitokaje, aandike. Mengi ya maandalio yake ya somo yatatoka humo.

Mwanachuo wa chaki nyekundu nilikaa naye baada ya kipindi. Sikumpa alama. Nilimweleza jibu la yule msichana, akanyamaza muda mrefu, akaniomba nimrudishie andalio lake.

Wiki iliyofuata alifundisha sentensi zilezile kwa darasa jingine. Safari hii alichora mstari wa muda ubaoni, akaandika sentensi ya pili, akauliza: bado anaishi hapa? Akasubiri. Wa kulia wakasema ndiyo, wa kushoto wakasema hapana, wakaanza kubishana. Akageuka kunitazama kule nyuma. Nikainamia daftari langu, naye akawarudia wanafunzi wake, akamuuliza mmoja wa waliosema hapana kwa nini anafikiri hivyo.