Kitabu Kimoja kwa Chuo Kizima, na Ukurasa wa Anayekataa

Mpango wenyewe hauna mambo mengi. Chuo kinachagua kitabu kimoja, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapewa nakala kabla hata hawajazoea njia ya kwenda darasani, wahadhiri na wafanyakazi nao wanahimizwa kukisoma, na muhula ukianza watu wanakaa kwa vikundi kukijadili. Mara nyingi mwandishi naye hualikwa. Marekani ndiko mipango hii iliko kwa wingi. Hata nje ya vyuo, mwaka 1998 wakutubi wa Seattle waliwaalika wakazi wa jiji zima wasome riwaya moja. Chuo Kikuu cha Cornell kilianza mpango wake mwaka 2001.

Wanaoupenda husema unajenga jumuiya, neno ambalo likisimama peke yake halinishawishi. Ninachokiona mimi ni kidogo kuliko hicho, ila kipo. Mpe mhadhiri wa kemia kikundi cha wanafunzi na riwaya mkononi, uone. Hana cha kuwafundisha. Akiulizwa kwa nini mhusika mkuu alirudi kwa mumewe, atakuna kichwa kama wao, atafute ukurasa alioukunja ncha, asome tena. Mwanafunzi aliyetoka sekondari akiamini kwamba mwalimu ana jibu la kila kitu anamwona mtu mzima akifikiri mbele yake. Somo hilo halimo kwenye ratiba ya kitivo chochote.

Wanaoupinga wana hoja nzito, na ya kwanza haihitaji falsafa: wengi hawasomi. Hakuna mtihani, hakuna alama. Kaa kwenye duara lile la viti uvitazame vitabu vilivyo mapajani. Jalada halijakunjika, kurasa bado zimeshikamana, na mwenye nacho anaongea kwa ufasaha mambo aliyoyaokota kwenye muhtasari wa intaneti usiku wa jana. Ukiweka alama ili wasome, umeshakigeuza kitabu kuwa kazi ya darasani, na yule mhadhiri wa kemia amerudi kuwa msahihishaji.

Halafu kuna uchaguzi. Kamati inatafuta kitabu kisicho kinene, cha mwandishi aliye hai na anayekubali kuja, kisichomkera mzazi wala mfadhili. Chama cha wanazuoni wa Marekani, National Association of Scholars, kimelalamika katika ripoti zake kwamba vitabu vinavyochaguliwa vingi mno ni vipya na vinaegemea mrengo mmoja wa kisiasa. Kwenye upya nakubaliana nao. Kwenye mrengo, hapana: afadhali kitabu chenye msimamo kuliko kilichopita kwa sababu hakuna aliyeona cha kubisha, mradi msomaji aruhusiwe kukipinga.

Na kupinga kuna namna zake. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kiliwapa wanafunzi wapya kitabu cha Michael Sells chenye tafsiri ya sura za awali za Kurani, hata mwaka haujatimia tangu mashambulizi ya Septemba 11. Kesi ikafunguliwa, mahakama ikakataa kuusimamisha mpango. Asiyetaka kukisoma aliruhusiwa kuandika ukurasa mmoja kueleza sababu zake. Mwaka 2019, katika Chuo Kikuu cha Georgia Southern, baadhi ya wanafunzi walichoma nakala za riwaya ya Jennine Capó Crucet baada ya mwandishi huyo kuzungumza chuoni hapo kuhusu upendeleo wanaoupata Wazungu. Chuo kilisema kuchoma kitabu ni haki yao kikatiba, ila hakuendani na maadili yake.

Aliyekataa kwa kuandika, kwangu mimi, ameshiriki kuliko aliyekuja na muhtasari. Amelazimika kujua anachokikataa. Aliyewasha kiberiti hakuhitaji kufungua hata ukurasa.

Ningekuwa kwenye kamati ningeutetea mpango huu, lakini ningepunguza fedha za hotuba ya mwandishi ziende kwenye vikundi vidogo vinavyokutana zaidi ya mara moja. Na ule ukurasa wa Chapel Hill ningewapa wote: kila mmoja aje ameandika jambo moja asilokubaliana nalo kitabuni. Hausahihishwi. Unasomwa kwa sauti, hata wa yule aliyeishia sura ya pili akakisukumia kitabu chini ya kitanda. Mhadhiri wa kemia asome wake kwanza.