Ziwa Natron Halijawahi Kumgeuza Yeyote Kuwa Jiwe

Juma lililopita, katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, ilirushwa tena ile video ambayo naamini kila msomaji wangu ameshaipokea walau mara moja: muziki wa kutisha, sauti nzito ya kiume isiyo na haraka, na picha ya furukombe aliyekauka akiwa juu ya tawi, huku maandishi mekundu yakitangaza kwamba Tanzania ina ziwa ambalo kiumbe yeyote akiligusa hugeuka jiwe papo hapo. Shangazi yangu, ambaye amelainisha maharage na makande kwa magadi maisha yake yote, aliuliza kwa dhati kama Serikali imeshaweka uzio. Nilikaa kimya kwa heshima ya shangazi, na ghadhabu niliyoizuia siku ile naimalizia hapa.

Video za maeneo ya ajabu duniani kwa kawaida huwa na adabu yake. Uyuni ya Bolivia, uwanda wa chumvi wa takriban kilomita za mraba 10,000, husifiwa kwa namna maji ya mvua yanavyoufanya uakisi anga. Ziwa Hillier la Australia husifiwa kwa rangi yake ya waridi, na hakuna anayedai kwamba aliyeoga humo alitoka akiwa wa waridi. Zikifika Natron tu, jiografia inafungiwa kabatini na hadithi za majini zinatolewa.

Picha zile zilipigwa na Nick Brandt, Mwingereza, ambaye, tofauti na wanaozisambaza, hakuficha alichokifanya. Aliokota ufukweni mizoga ya ndege na popo iliyokaushwa na magadi hadi ikawa haikunjiki tena, akaiweka juu ya matawi na majini katika mkao wa viumbe hai, kisha akapiga picha. Zilipotoka mwaka 2013 alieleza hayo waziwazi. Kwa hiyo furukombe yule hakutua tawini akapatwa na ajali ya kikemia. Alikufa kwanza, akakauka, akaokotwa, ndipo akapandishwa tawini. Wamisri wa kale walitumia chumvi ya jamii hiyohiyo kukausha maiti za wafalme wao, wala sijapata kusikia kwamba Farao aliuawa na dawa ya kumhifadhi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ukweli wa mahali pale ni wa ajabu kuliko uongo wenyewe. Kusini mwa ziwa umesimama Oldoinyo Lengai, mlima wa Mungu kwa Wamaasai, ambao ndio volkano hai pekee inayojulikana duniani kutoa lava ya aina yake: lava yenye magadi mengi, yenye joto la takriban nyuzi 500 hadi 600 tu za Selsiasi, yaani karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, inayotiririka mchana ikiwa nyeusi kama lami bila kuwaka, kisha ikipatwa na unyevu hubadilika kuwa nyeupe. Majivu na miamba ya volkano za eneo hilo huoshwa na mvua na chemchemi za moto, chumvi zake huishia ziwani, na kwa kuwa ziwa halina mto wa kutokea, jua hunyonya maji na kuyaacha magadi. Kiwango cha pH, kipimo ambacho 7 ni maji ya kawaida na kadiri kinavyopanda ndivyo ukali wa magadi unavyozidi, hupanda hadi kupita 10. Kiangazi kinapokolea, vijiumbe vinavyopenda chumvi huzaliana na kulitia ziwa rangi nyekundu, na juu yake huelea ganda jeupe lenye nyufa. Hayo yote yanatosha kumwacha mtu mdomo wazi bila msaada wa jini.

Ni lazima nikubali jambo moja, ingawa silipendi: maji yale yanaunguza. Katika miaka ya 1950, Leslie Brown, ofisa wa kilimo katika Kenya ya kikoloni aliyekuwa pia mtafiti wa ndege, aliwaona flamingo kutoka angani wakitaga katikati ya Natron, akaamua kuwafuata kwa miguu. Ganda la magadi likampasukia, akadidimia katika tope, magadi yakajaa ndani ya buti na kumchubua, na miguu yake ikatoka malengelenge yaliyomlaza hospitalini kwa wiki kadhaa na kumlazimu kupandikizwa ngozi. Hakugeuka jiwe. Alipona, akaendelea kuwafuatilia ndege walewale na kuandika habari zao.

Na kile kilichotaka kumuua Brown ndicho kinachowalinda flamingo. Wataalamu hukadiria kuwa takriban robo tatu ya flamingo wadogo wote wa dunia hii wameanguliwa Natron, ambako ndiko mahali pekee Afrika Mashariki wanapozaliana kwa kawaida. Jike hutaga yai moja juu ya kichuguu cha tope walichokijenga katikati ya ziwa, mahali ambapo fisi na bweha hawathubutu kufika kwa sababu ileile iliyompeleka Brown hospitalini. Ngozi ya miguu ya ndege hawa ni ngumu na yenye magamba, wana tezi kichwani zinazotoa chumvi iliyozidi mwilini, hunywa maji ya chemchemi yenye joto ambalo mkono wa mtu usingelivumilia, na uwaridi wa manyoya yao unatokana na vijiumbe wanavyovichuja majini wakiwa wameinamisha vichwa juu chini. Vifaranga wa kijivu, wakiwa bado hawawezi kuruka, hukusanyika kwa maelfu chini ya uangalizi wa wakubwa wachache na kutembea kilomita kadhaa juu ya magadi hadi kwenye maji yasiyo makali. Pembezoni mwa chemchemi wanaishi pia samaki wa jamii ya perege wasiopatikana kwingineko isipokuwa katika bonde hilo. Hili ndilo ziwa tunaloambiwa kuwa ni la mauti!

Anayetaka simulizi ya huzuni asiitunge, kwani ipo. Mwaka 1962 maji ya Natron yalijaa kupita kiasi, flamingo wakahamia Ziwa Magadi, upande wa Kenya, na huko chumvi iliganda kwenye miguu ya vifaranga na kuwafunga kama pingu hadi wakashindwa kutembea. Watu waliingia katika magadi hayo, wakazivunja pingu moja moja na kuokoa maelfu ya vifaranga. Tukio hilo sijaliona katika video hata moja.

Sijataja bado nyayo zaidi ya 400 za binadamu wa kale zilizoganda katika majivu ya Engare Sero, kusini mwa ziwa, wala taya la Peninj, la jamaa wa kale wa binadamu, ambalo mtafutaji wa visukuku Mkenya, Kamoya Kimeu, alilivumbua karibu na ziwa mwaka 1964. Kila kimoja kingestahili makala yake.

Wapo watakaosema kwamba video ya uongo angalau imelitangaza ziwa. Sawa, imelitangaza, lakini imelitangaza kama kaburi, na kaburi halina mtetezi kiwanda kinapobisha hodi. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kulikuwa na mpango wa Tata Chemicals na Shirika la Maendeleo la Taifa kuvuna magadi ya Natron, takriban tani 500,000 kwa mwaka, katika eneo ambalo Tanzania yenyewe ililiingiza mwaka 2001 katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu. Tata walijiondoa mwaka 2008 baada ya upinzani mkubwa, na upinzani huo ulisimama juu ya hoja moja nzito, nayo ni kwamba flamingo huzaliwa pale. Baadaye Serikali ilielekeza nguvu zake kwenye magadi ya Engaruka, bonde lililo kusini mwa Natron. Nasema kwa uchungu kwamba mjadala ule usingefika popote kama wananchi wote wangekuwa wameamini kwamba ndege wakitua Natron huwa mawe.

Na kama ni hofu inayotafutwa, ipo ya kweli. Maji ya Natron hutegemea sana mto Ewaso Ng'iro Kusini, unaoanzia nyanda za Mau nchini Kenya, ambako misitu imekatwa kwa miongo mingi na mipango ya mabwawa ya umeme imewahi kuchorwa. Kina cha ziwa lenyewe hakifiki mita tatu. Maji yakizidi, viota huzama; yakipungua mno, fisi hupata njia kavu ya kufika kwenye mayai, na hakuna geti la upande wa Tanzania linaloweza kulizuia hilo.