Jembe libaki jembe

Kila nikipita Gerezani, Dar es Salaam, husimama mbele ya lundo la vyuma chakavu na kutafuta maumbo. Plagi ya injini iliyochoka ina shingo ya ndege. Mnyororo wa pikipiki, ukiupinda tu, ni nyoka. Jembe lililoliwa na udongo ni mgongo wa kanga: lipe miguu ya nondo, kichwa cha nati kubwa, umpeleke bustanini.

Naumia fundi anapomaliza kazi kama hiyo kisha akaimwagia rangi ya dhahabu. Kanga anabaki, jembe linapotea, na mimi nilimpenda kanga kwa sababu ya jembe.

Cristóvão Canhavato wa Msumbiji, anayejulikana kama Kester, alilielewa hili. Mwaka 2001 alitengeneza kiti kwa silaha zilizokusanywa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1992. Kiti hicho kinahifadhiwa British Museum, London. Hakuficha mtutu hata mmoja. Kwenye egemeo, matundu ya vitako vya bunduki yanafanana na macho na mdomo wa mtu anayetabasamu. Unaona kiti, unaona vita, unaona uso. Rangi ingeyazika yote hayo.

Kwetu ilikuwepo baiskeli, Phoenix ya marehemu babu, imekaa stoo miaka mingi. Nilichomoa rimu ya nyuma pamoja na spoku zake, nikaiegemeza ukutani, na sasa mpesheni umeparamia hadi katikati. Wajomba wakija huigusa kwanza kabla hawajaketi.

Kutu usiiogope. Iache mvua iilete, sugua kwa brashi ya waya, kisha pakaa nta ya nyuki, na urudie kila inapofifia. Karibu na bahari chumvi inakula haraka, kwa hiyo huko tumia vanishi isiyo na rangi.

Moto ndio wa kuogopa. Pipa lililowahi kubeba petroli usilikate wala kulichomelea hata likionekana kavu, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka. Mabati nayo yana zinki, na moshi wake huleta homa na baridi usiku ule ule. Kwangua zinki kwanza, fanyia kazi nje penye upepo.

Sasa natafuta mafyekeo mawili makuukuu yaliyopinda sawasawa. Mabawa ya korongo nimeshayaona kichwani.