Timu ya Wabaski haikuzaliwa kucheza bonanza la Krismasi

Kwa miaka mingi, Krismasi ikikaribia, Wabaski wa kaskazini mwa Hispania walikuwa na mechi yao. Timu yao ya Euskadi, jina la nchi yao kwa Kibaski, ilialika taifa fulani, mashabiki wakavaa jezi za kijani, wakaimba na kupeperusha bendera, kisha kila mtu akarudi kwake kula sikukuu. Pointi hakuna, kombe hakuna. Najua wengi wao waliifurahia, lakini kwa timu yenye historia ile, mimi naona ilikuwa kuivunjia heshima.

Timu hii ilianzia vitani. Mwaka 1937 majeshi ya Franco, jenerali aliyeiasi serikali ya Hispania, yalikuwa yameikaba Bilbao, mji mkubwa wa Wabaski, na rais wa serikali ya Wabaski, José Antonio Aguirre, alikuwa mtu wa mpira hasa: kabla ya siasa aliwahi kuichezea Athletic Bilbao. Akawatuma wachezaji bora wa kwao nje ya nchi wakachangishe fedha za wahanga wa vita na kuifanya dunia ijue kinachotokea. Aprili walicheza Paris na klabu ya Racing, wakashinda 3-0, mabao yote ya Isidro Lángara, aliyekuwa ametoka kuwa mfungaji bora wa ligi ya Hispania misimu mitatu mfululizo. Siku hizo hizo, tarehe 26, ndege za Kijerumani na Kiitalia ziliuteketeza mji wa Guernica.

Juni Bilbao ikaanguka. Wachezaji walikuwa bado ugenini, na ghafla hawakuwa na pa kurudi. Wengine walirudi hivyo hivyo, mchezaji Gorostiza akiwemo, wakaenda upande wa Franco. Siwezi kumhukumu mtu aliyeacha familia nyuma. Waliobaki waliendelea na safari. Moscow waliichapa Lokomotiv 5-1, wakaifunga na Dynamo, kisha Spartak ikawatuliza kwa 6-2. Wakavuka bahari hadi Mexico. Walipofika Argentina wakakuta milango imefungwa, kwa sababu FIFA ilikuwa imewakataza wanachama wake kucheza nao. Kwa hiyo anayesema leo kwamba Wabaski ndio wanaoingiza siasa kwenye mpira aanze kwanza na hapo.

Wakarudi Mexico, wakaingia kwenye ligi ya huko kama klabu, na msimu wa 1938-39 wakamaliza nafasi ya pili. Timu nzima ya wakimbizi! Baada ya hapo wakatawanyika. Lángara alikwenda San Lorenzo ya Buenos Aires, na mechi yake ya kwanza akaifunga River Plate mabao manne.

Ikafuata miaka mirefu ya Franco, ambapo hata bendera ya Wabaski, ikurriña, ilikuwa marufuku. Tarehe 5 Desemba 1976, Franco akiwa amekufa lakini marufuku bado ipo, Real Sociedad iliikaribisha Athletic uwanja wa Atotxa. Dada wa mchezaji mmoja wa Sociedad, Uranga, alikuwa ameishona bendera, ikaingizwa uwanjani kwa kificho. Manahodha wawili, Kortabarria na kipa Iribar, wakatoka nayo wameishika pamoja, huku timu zote mbili zikiwafuata. Sociedad ilishinda 5-0, matokeo ambayo nadhani hata mashabiki wa Athletic waliyasamehe siku ile. Mwezi uliofuata bendera ikahalalishwa. Mwaka 1979 timu yenyewe ya Euskadi ikafufuka San Mamés, uwanja wa Athletic huko Bilbao, kwa kuifunga Ireland 4-1.

Tangu hapo, mechi za kirafiki tu. Mwaka 2008 hata hiyo ya Krismasi haikuchezwa, wachezaji walipogoma kwa sababu ya ubishi wa timu iitwe nani. Ili uwe mwanachama, FIFA inataka uwe nchi huru inayotambuliwa kimataifa, ingawa Scotland na Wales, zilizo sehemu ya Uingereza, wamo, na Gibraltar, eneo lililo chini ya Uingereza, iliingia mwaka 2016. Wazanzibari wanaijua hadithi hii: Machi 2017 CAF iliwapa uanachama, Julai ikawanyang'anya. Ila Zanzibar angalau ina CECAFA, ambako mwaka huo huo ilifika fainali na kutolewa jasho na Kenya hadi penalti. Euskadi haina hata hiyo.

Mechi yao iliyonigusa zaidi ni ya Novemba 2025, walipoikaribisha Palestina San Mamés na kushinda 3-0. Hiyo ndiyo kazi aliyowatuma Aguirre.

Mimi ningewapa uanachama, na Zanzibar pia. Lakini tusidanganyane kuhusu kitakachofuata. Bao lililoipa Hispania Euro 2024 lilifungwa na Mikel Oyarzabal, Mbaski wa Eibar, na golini alikuwepo Unai Simón, Mbaski mwingine. Shirikisho la Hispania halitawaachia kirahisi. Na wao wenyewe, wakiambiwa wachague kati ya kutetea ubingwa na kuanza mchujo wakiwa chungu cha mwisho kwenye droo, pamoja na timu za chini kabisa, sina hakika wote wangechagua jezi ya kijani.