Sikuteka teksi, nilikuwa nasoma

Kabla hujaamini kile kitu kinachozunguka kwenye grupu tangu jana usiku: sikuteka teksi (huku Kampala teksi ndiyo daladala, ndiyo matatu). Sikuwa na silaha. Ile ilikuwa gonja, ndizi ya kuchoma. Na huyo rafiki yangu aliyesambaza (jina namfichia ila anajijua, na sabuni yangu hajarudisha) alikuwa kiti cha nyuma kabisa, angeweza kunitetea, akaamua kuangalia dirishani kama mtu anayehesabu nguzo za umeme.

Haya, sasa sikieni yangu.

Mnanijua, mimi ndiye yule wa vitabu, yule anayetumwa mkaa akakutana na vitabu vya mitumba vimetandazwa chini akarudi bila mkaa na bila hela. Kwenye begi sikosi kitabu. Jana nilikuwa na kimoja kinene cha historia ya uchumi, kitabu cha heshima, ukikishika watu wanakupisha. Nimetoka Old Taxi Park saa kumi na moja, mvua imetoka kukatika, nimenunua gonja ya moto ile ndefu ya kuchoma, nikafungiwa kipande cha gazeti, nikapata kiti nyuma ya mama mmoja aliyevaa gauni la gomesi. Kampala raha yangu ni hiyo jamani, dirisha, kitu cha kutafuna, na foleni ya Jinja Road ambayo haimdai mtu chochote. Nashuka Banda. Shika hilo, Banda.

Mama akatoa kitabu. Kimevishwa jalada la karatasi ya kalenda kama daftari la mtoto wa darasa la nne, jina huoni. Mimi sina tabia ya kusoma cha mtu. (Ninayo.) Nikatupia jicho mstari mmoja tu. Mwanaume anarudi kwake usiku baada ya miaka tisa, na mbwa hajabweka. Mbwa hajabweka! Wewe ungeachia hapo?

Nakawa ikapita. Banda ikapita, sikuiona. Kireka tukasimama wee. Tatizo ni kwamba yule mama anasoma mbio kuliko mimi. Mimi! Nikifika robo tatu ya ukurasa yeye fyaa, kashageuza. Ikabidi nianze kuruka miti na mbalamwezi nishike maneno ya watu tu ili nimfikie, natoka jasho kama niko mtihani, na mama wa watu katulia zake anatafuna karanga.

Bweyogerere. Mwanaume amefika mlangoni, giza, anapapasa, mguu wake umegusa viatu. Vya kiume. Vimelowa. Amechuchumaa, ameinua kimoja, amekigeuza aangalie soli, na mimi nimebakiza mistari mitatu, na kidole cha mama kimeshalambwa mate, kimeshashika kona ya juu, karatasi inaanza kuinuka...

Mdomo ukafunguka wenyewe. "Subiri! Usigeuze!"

Kwa Kiswahili. Ndani ya teksi. Kampala.

Nyie wa Mombasa na Dar hamtaelewa. Hapa Kiswahili kiliingia kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na 2022 baraza la mawaziri likasema kiwe somo la lazima shuleni, sawa, makaratasi yapo. Lakini muulize mtu mzima yeyote aliyekuwepo enzi za Amin, 1971 mpaka 1979, Kiswahili cha ghafla nyuma ya shingo kilimaanisha nini. Ni mwanajeshi wa kizuizi cha barabarani au ni jambazi. Sisi wa Busia, mpakani na Kenya, tunakiongea hata na kuku, tunajisahau.

Na mtu akishaogopa, "usigeuze" anasikia "usigeuke".

Sasa tazama hiyo picha, polepole. Mkono wangu wa kulia umeshavuka bega la mama, kidole chenye masizi ya gonja kimekandamiza ukurasa wake. Mkono wa kushoto umeshika kiti chake nisianguke, na mkononi humo kuna gonja, na ncha ya gonja, imefungwa gazeti, ndefu, ya moto kidogo, imetua shingoni kwake. Mama hageuki. Ametii. Teksi nzima kimya, watu kumi na nne, nasikia waipa tu zinakwaruza kioo kikavu. Jirani yangu ameinua mikono yote miwili, mmoja una soda. Binti wa dirishani amezamisha simu kifuani. Kondakta ananinyooshea noti za nauli zilizokunjwa kwa urefu, anasema kwa upole ambao sijawahi kuuona kwa kondakta, "Ssebo, bwana, chukua tu."

Na mimi msomi, badala ya kufungua mdomo nieleze, unajua nilifanya nini? Nilimalizia ile mistari mitatu.

Ndiyo. Watu wanasali, mimi nasoma.

Halafu gonja ikakatika, kipande kikaangukia mapajani kwa mama. Akakiangalia. Akakinusa. "Gonja," akatangaza.

Mengine yalikwenda haraka. Kondakta akapata ujasiri wake, akanikaba kola, mtu huko mbele anapiga kelele "mubbi!", yaani mwizi, mimi nalia nasoma, nilikuwa nasoma. Kumbe mama Kiswahili anakijua, ana meza ya viatu vya mitumba pale soko la Owino. Akasema niachwe kwanza aniulize. "Kama ulikuwa unasoma, haya, hivyo viatu ni vya nani?"

"Ni vyake mwenyewe mama, kile kiraka cha soli alikishona yeye."

Akashtuka kidogo. "Na nani alikuwa amevivaa?"

"Sasa si ndiyo nilikuwa nangoja ugeuze!"

Teksi ikapasuka. Kondakta hakucheka, akafungua begi langu kutafuta bastola, akakuta historia ya uchumi, tikiti ya basi imechomekwa ukurasa wa 9. Ya mwezi wa pili hiyo tikiti. Akainua kitabu abiria wote waone. Mzee wa kiti cha mbele akatikisa kichwa, akasema mshairi Okot p'Bitek alishatuonya tangu 1966, kwenye shairi lake Lawino alilia kwamba nyumba ya mumewe imekuwa msitu wa vitabu, mkamcheka.

Nikashushwa Seeta, nikalipa nauli ya kurudi mpaka Banda, nikanyeshewa. Rafiki alishuka na mimi, ndipo akakumbuka kwamba ananijua.

Mama alikataa kunitajia jina la kitabu. Aliniangalia kupitia dirishani, akalamba kidole, akageuza. Kwa hiyo naomba, aliyesoma hicho kitabu cha mwanaume wa miaka tisa na mbwa ambaye hajabweka, aje inbox aniambie nani alivaa vile viatu. Hilo tu. Mwisho usiniambie.